Haki za Wanawake: Habari Zake Tangu Zamani za Misafara

Leo twataka kuzungumza habari za jambo ambalo watu wengi hulitaja, na wachache huliuliza maana yake. Jambo hilo ni haki za wanawake na mafundisho ya kuzitetea. Mafundisho hayo yana jina katika lugha za Ulaya, na jina hilo limeingia katika Kiswahili cha siku hizi kuwa ufeministi. Wako watu ambao wakilisikia hukunja uso, wakasema, "Hayo ni mambo ya wageni, wazee wetu hawakuwa nayo." Wako wengine hulipokea kwa furaha, walakini ukiwauliza maana yake, kila mmoja atakujibu lake.

Nia ya mazungumzo haya ni kueleza neno hili lilikotoka, jinsi maana yake ilivyogeuka mara kwa mara, na sababu zilizoigeuza. Na ili tusipotelee katika mambo ya mbali, tutachukua mifano yetu mingi Tabora, katika nchi ya Unyanyembe, ilikopita njia kuu ya misafara. Mtu akaaye Gongoni leo, mjini Tabora, akaaye juu ya ardhi ambayo habari hizi zilitendeka karibu nayo.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Lilianza kuenea Ufaransa katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Mmoja wa walioliingiza katika vinywa vya watu ni bibi Hubertine Auclert, ambaye katika miaka ya 1880 alidai wanawake wa Kifaransa wapewe kura. Lakini shauri lenyewe ni la kale kuliko jina lake. Mwaka wa 1792 bibi wa Kiingereza, Mary Wollstonecraft, alitoa kitabu akisema kwamba mwanamke ameumbwa na akili kama mwanamume, na kama akili hiyo yaonekana haba, sababu yake ni kunyimwa mafunzo. Mwaka wa 1848 wanawake na wanaume walifanya mkutano Seneca Falls, katika Marekani, wakadai mwanamke aliyeolewa awe na mali yake mwenyewe, na wanawake wapige kura.

Basi angalieni. Huyu alitaka elimu, hawa walitaka mali na kura. Tangu mwanzo shauri hili halikuwa na maana moja tu. Kila kizazi kilitaja jambo lililokosekana katika siku zake, na kilipolipata kiliona kwamba liko jingine limebaki nyuma. Hii ndiyo sababu ya maana kugeuka. Wanaosema kwamba wanawake hawajui wanalolitaka hawakuitazama historia hii vema.

Sasa twende Tabora. Mji huu ulikua katikati ya karne ya 19, wakati wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili walipofanya makao yao katika nchi ya Wanyamwezi, mahali njia zilipogawanyika. Moja ilikwenda magharibi mpaka Ujiji na ziwa la Tanganyika; nyingine ilikwenda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Kutoka pwani hadi Tabora ulikuwa mwendo wa miezi miwili, mitatu au zaidi kwa miguu. Mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani karibu kilo 32: wakati wa kwenda bara nguo, shanga na waya za shaba, wakati wa kurudi pwani pembe za ndovu.

Watu wengi wakisimuliwa habari za wapagazi hudhani kwamba wote walikuwa wanaume. Haikuwa hivyo. Wanyamwezi wengi walisafiri pamoja na wake zao. Hao walichukua vyungu, vibuyu, vyakula, na watoto mgongoni. Walipofika kambini, wanaume walitua mizigo wakapumzika. Wanawake walitafuta kuni na maji, wakatwanga, wakapika. Wako waliopika pombe wakaiuza njiani, na wako hata waliochukua mizigo kwa ujira.

Je, waliobaki nyumbani? Mume alipokwenda pwani, jembe lilibaki mkononi mwa mke na watoto, na katika nyumba za wenye mali lilibaki mkononi mwa watumwa, ambao wanawake wengi mno walikuwa miongoni mwao. Msafara wa watu mia tano hauwezi kula pembe wala shanga. Hula mtama, na mahindi, na mihogo. Chakula hicho kilinunuliwa vijijini njia nzima, na sehemu yake kubwa ililimwa kwa mikono ya wanawake, walio huru na wasio huru. Biashara ile iliyojenga sifa ya Tabora ilisimama juu ya vitu viwili: bega la mpagazi na jembe la mwanamke. La kwanza lilihesabiwa na kulipwa ujira; la pili kwa kawaida halikuandikwa katika hesabu ya mtu yeyote. Hapa ndipo penye mzizi wa shauri letu, nasi tutaurudia.

Tumtaje mwanamke mmoja ambaye habari zake zimeandikwa. Mwaka wa 1872 Daktari Livingstone alikaa miezi kadha Kwihara, si mbali na mji wa Tabora, akingoja watu ambao Stanley aliahidi kumpelekea kutoka pwani. Katika nyumba yake alikuwamo mpishi jina lake Halima, mke wa Amoda. Siku moja Halima aligombana na Ntaoeka, mwanamke mwingine wa nyumba ile, akaondoka akaenda zake. Livingstone akaandika barua ya kumtafuta. Lakini Halima alirudi mwenyewe, akasimama nje. Hakutaka kuingia mpaka bwana atoke amwambie aingie. Livingstone akatoka, akamwambia. Kisha akaandika katika kitabu chake cha kila siku kwamba mwanamke huyu ni mwaminifu, mwangalifu na hodari kuliko wote, kwamba amempa nguo nzito ya kujikinga na baridi, na kwamba wakifika Unguja atamwacha huru na kumnunulia nyumba na bustani.

Livingstone hakufika Unguja. Alifariki mwezi wa Mei mwaka wa 1873 katika kijiji cha Chitambo, mbali kusini. Halima na Ntaoeka walikuwamo katika safari iliyochukua maiti yake, wakapita tena Unyanyembe mwezi wa Oktoba. Na maiti ikafikishwa Bagamoyo mwezi wa Februari mwaka wa 1874.

Hapana mtu Kwihara aliyelijua lile neno la Kifaransa. Walakini Halima aliijua thamani ya kazi yake, akaidai kwa njia aliyokuwa nayo: alisimama mlangoni akataka aitwe. Tena yafaa tuone jambo la pili. Uhuru wake na nyumba yake vilikuwa ndani ya ahadi ya mtu mmoja. Ahadi ilikuwa njema, na mwenye kuahidi hakuwa mtu wa hila. Lakini alikufa kabla ya kuitimiza. Hii ndiyo tofauti ya fadhila na haki. Fadhila hutoka katika moyo wa mtu, na moyo waweza kugeuka, au waweza kusimama. Haki huandikwa katika sheria, ikabaki hata mwenye huruma akiisha kuondoka. Kwa hivi historia ya haki za wanawake, Ulaya na kwetu sisi, ni habari ya watu waliotaka kutoka katika fadhila waingie katika haki.

Walakini sheria nayo yaweza kumsahau mwanamke. Biashara ya watumwa baharini ilikatazwa na Sultani Barghash mwaka wa 1873. Mwaka wa 1897 ilitolewa amri Unguja ya kuondoa utumwa wenyewe. Mtumwa aliyetaka uhuru aliweza kwenda kuudai. Lakini masuria waliachwa nje ya amri hiyo, kwa hoja kwamba hali yao ni kama ya wake wa nyumbani. Hawakuulizwa wao wenyewe. Ilipita miaka 12, mpaka amri nyingine ya mwaka wa 1909, ndipo nao wakapata kuingizwa. Basi kwa miaka hiyo neno "uhuru" lilikuwa na maana moja kwa mtumwa mwanamume, na maana nyingine kwa mwanamke aliyelala nyumba moja na bwana wake.

Huku bara Serikali ya Wadachi haikuuondoa utumwa. Ilipiga marufuku kuuza na kununua watu kwa biashara, ikatoa hati za uhuru kwa baadhi ya watumwa, na ikaamuru kwamba watoto watakaozaliwa tangu mwanzo wa mwaka wa 1906 watakuwa huru. Utumwa wenyewe ulifutwa kwa sheria ya Waingereza mwaka wa 1922. Hata msichana aliyezaliwa katika utumwa Tabora mwaka wa 1900 aliweza kutimiza miaka 22 kabla ya sheria ya nchi kukataa kabisa kwamba mtu aweza kumilikiwa na mtu.

Hapa msomaji atauliza, "Je, Wanyamwezi hawakuwa na watawala wanawake?" Naam, walikuwa nao, na habari yao yafaa kufikiriwa sana. Mwezi wa Januari mwaka wa 1893 Wadachi walilivunja boma la Mtemi Isike wa Unyanyembe, naye akajilipua kwa baruti asikamatwe hai. Baada yake aliyekalia kiti cha utemi alikuwa Nyaso, mwanamke wa ukoo wa watemi. Na baada ya Nyaso alikuja mwanamke mwingine, Karunde. Nguvu kubwa ilikuwa mikononi mwa Wadachi wakati huo, lakini watu wa Unyanyembe hawakuona ajabu kumwita mwanamke mtemi wao.

Mwaka huo huo wa 1893, mwezi wa Septemba, nchi ya New Zealand iliwapa wanawake wake kura ya Bunge, nayo ikawa ya kwanza kati ya nchi zenye kujitawala kufanya hivyo. Mwaka mmoja, mambo mawili: kule wanawake wote walipewa sauti ndogo, sawasawa, huku mwanamke mmoja alipewa kiti kikubwa. Si jambo moja hata kidogo. Nyaso alipokuwa kitini, walikuwako mjini Tabora wanawake walio watumwa, na kiti chake hakikuwafungulia mlango. Wala wasomaji wasidhani kwamba hiyo ni aibu ya Unyamwezi peke yake. Malkia Victoria alitawala Uingereza tangu mwaka wa 1837 hata 1901, na katika miaka yote hiyo sheria ya nchi yake haikuwapa wanawake kura ya Bunge. Waliipata mwaka wa 1918, tena si wote. Waliwekwa sawa na wanaume mwaka wa 1928.

Somo lake ni wazi. Ukuu wa mwanamke mmoja ni heshima, nao wawatia moyo wasichana wengi. Mwaka wa 2021 Samia Suluhu Hassan alikuwa mwanamke wa kwanza kushika urais wa Tanzania, na hapana mwenye akili atakayesema jambo hilo ni dogo. Lakini haki za wanawake hazipimwi kwa kumtazama aliye juu. Hupimwa kwa kumtazama mjane wa kijijini asiye na ndugu mkubwa wa kumsemea.

Reli ilifika Tabora mwaka wa 1912, na misafara ikafa. Baada ya vita ya Wazungu, Waingereza walifungua shule ya Serikali Tabora mwaka wa 1925, kwanza kwa ajili ya wana wa watemi, wapate kufundishwa kutawala. Ilikuwa shule ya wavulana. Fikirini jambo hilo: nchi iliyokuwa na watemi wanawake miaka michache iliyotangulia ilianza kuwalea watawala wake bila msichana hata mmoja darasani. Shule ya wasichana ilikuja Tabora baadaye, na katika shule za wasichana za siku zile kazi za nyumbani zilipewa nafasi kubwa. Kwa hivi, kwa msichana wa Tabora wa zamani hizo, haki ilikuwa na maana ya kalamu na kitabu, kama alivyosema yule bibi Mwingereza wa mwaka wa 1792. Desturi za wageni hazikuja kumpandisha mwanamke kila mahali. Mahali pengine zilimshusha.

Kisha zikaja siku za siasa. Chama cha TANU kilianzishwa mwezi wa Julai mwaka wa 1954. Mwaka wa 1955 Bibi Titi Mohamed alishika uongozi wa wanawake wake. Hakuwa mwanamke wa elimu kubwa ya shule. Alikuwa mwimbaji mashuhuri wa lelemama, aliyezijua nyumba na vyama vya wanawake wa mjini Dar es Salaam. Alitumia ujuzi huo kuwaingiza wanawake katika chama kwa wingi. Mwezi wa Januari mwaka wa 1958 TANU walikutana Tabora, wakafanya uamuzi mgumu wa kushiriki katika uchaguzi ambao masharti yake hawakuyapenda. Kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Na ili kuandikwa alihitaji elimu ya kiasi, au mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au kazi yenye cheo.

Masharti hayo hayakutaja mume wala mke. Juu ya karatasi yalikuwa sawa kwa wote. Lakini mwanamke aliyelima shamba na kulisha watu wanane hakuwa na karatasi ya kuonyesha mapato ya pauni 150, na shule hakupelekwa. Sharti lililoonekana sawa lilimfungia nje kwa sababu kazi yake haikuhesabiwa: ndilo lile jembe tulilolitaja, limekuja tena kwa sura nyingine. Baada ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, masharti ya namna hiyo yaliondolewa, na uchaguzi wa Rais wa mwaka wa 1962 ulikuwa wa watu wazima wote, wanaume kwa wanawake. Unguja na Pemba, uchaguzi wa kwanza wa mwaka wa 1957 ulikuwa wa wanaume tu. Wanawake walianza kupiga kura mwezi wa Januari mwaka wa 1961.

Wale wasemao kwamba mambo haya yote ni ya Ulaya na walizingatie hili. Wanawake wa Ufaransa, nchi iliyolieneza neno, walipewa kura mwaka wa 1944. Wanawake wa Uswisi walipata kura ya taifa lao mwaka wa 1971. Mwanamke wa Unguja alimtangulia mwanamke wa Uswisi kwa miaka kumi.

Baada ya kura yalikuja mashauri ya nyumba na shamba, nayo ndiyo yanayowagusa wasomaji wetu wengi zaidi. Mwaka wa 1971 ilitungwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania. Sheria hiyo yasema kwamba mke aweza kuwa na mali yake mwenyewe, na kwamba ndoa ikivunjika, mahakama yaweza kugawa mali waliyoichuma mume na mke kwa juhudi zao pamoja. Likazuka swali: juhudi ni nini? Mume akileta fedha, na mke akapika, akafua, akalea, akateka maji, je, huyu mke amechuma?

Swali hilo liliamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka wa 1983, katika kesi ya Bi. Hawa Mohamed na Ally Seif. Mahakama ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Rufani ya Bi. Hawa mwenyewe haikufaulu, kwa sababu nyingine zilizohusu fedha alizokwisha kupewa. Lakini msingi uliowekwa siku ile umewafaa wanawake wengi waliokuja nyuma yake. Yaani chungu alichokichukua mke wa mpagazi kutoka Tabora hata pwani, ambacho hakikuandikwa katika hesabu, kiliandikwa mahakamani baada ya miaka mia.

Mwaka wa 1990 Mahakama Kuu, Mwanza, ilipelekewa shauri kutoka Uhaya. Holaria Pastory alirithi shamba kutoka kwa baba yake kwa wasia, akaliuza. Mtu wa ukoo wake akapinga, akisema kwamba kwa mila mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo yapingana na haki za binadamu zilizotiwa katika Katiba mwaka wa 1984, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Kisha mwaka wa 1999 ilitungwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, inayosema kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata ardhi, kuishika na kuitumia. Sheria hiyo yataka pia baraza la ardhi la kijiji liwe na watu saba, na watatu wao wawe wanawake.

Tena liko jambo la umri wa kuolewa. Sheria ya mwaka wa 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, hali mvulana alitakiwa kutimiza 18. Mwaka wa 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kwamba tofauti hiyo yavunja Katiba. Na mwaka wa 2019 Mahakama ya Rufani ilikubali uamuzi huo. Kwa hivi maana ya haki ilifika mahali ambapo wazee wa Seneca Falls hawakupataja: utoto wa msichana, apate kuumaliza kabla ya kuitwa mke.

Sasa tujibu mashaka mawili ambayo watu wema huwa nayo. La kwanza ni la dini. Watu wengi wa Tabora ni Waislamu, na wengine ni Wakristo. Huogopa mambo haya yasije yakaharibu imani. Lakini katika sheria ya Kiislamu mali ya mke ni yake, na mahari ni yake; mume hana ruhusa ya kuitwaa bila ridhaa yake. Mwanamke wa Kiingereza aliyeolewa hakuwa na haki kama hiyo kwa ukamilifu kabla ya sheria za karne ya 19. Na mmoja wa waliolieneza shauri hili katika nchi za Waislamu, Huda Shaarawi wa Misri, aliyeanzisha umoja wa wanawake mwaka wa 1923, alikuwa Mwislamu mwenyewe. Mara nyingi mjane hadhulumiwi na dini, ila hudhulumiwa na shemeji asiyetaka kuifuata dini.

Shaka la pili ni la mila. Wengine husema mila haibadiliki. Lakini zamani katika nchi nyingi za Kinyamwezi mtemi alirithiwa na mwana wa dada yake; baadaye desturi ikageuka, mwana akamrithi baba. Wazee waliigeuza mila kwa sababu mambo ya wakati wao yaligeuka. Kama mila yaweza kugeuka kwa ajili ya kiti cha mtemi, haishindwi kugeuka kwa ajili ya shamba la mjane.

Wala tusidhani kwamba wanawake wote wakubaliana. Wako wanaolipenda neno ufeministi, na wako wanaolikataa wakasema, "Sisi twataka haki; jina si kitu." Mwaka wa 1995 wanawake wa dunia nzima walikutana Beijing, na katibu mkuu wa mkutano ule alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella. Mwaka wa 2003 mataifa ya Afrika yaliandika mapatano yao wenyewe Maputo juu ya haki za wanawake wa Afrika, yakitaja mambo ambayo wanawake wa Ulaya hawakuyataja sana, kama haki za wajane na urithi. Maana itazidi kugeuka, na hapana hasara. Neno lililokwisha kugeuka ni neno ambalo watu wameacha kulitumia.

Basi msomaji wa Gongoni, au wa vijiji vya Uyui na Sikonge, afanye nini na habari hizi? Hahitaji kushika neno la kigeni. Na ajiulize maswali matatu katika nyumba yake na katika kijiji chake.

La kwanza: kazi ya mwanamke yahesabiwa? Mavuno yakiuzwa, yawe ya tumbaku, ya mpunga au ya asali, je, aliyelima na kupalilia na kuwapikia wenye kuvuna ana sehemu inayojulikana, au hungoja fadhila?

La pili: jina lake limeandikwa? Hati ya ardhi ya kimila yaweza kuwa na majina ya mume na mke pamoja. Kuandika majina mawili huchukua dakika chache wakati mume yu hai na wote wapatana. Akiisha kufa, shughuli hiyo yaweza kuchukua miaka, na wakati huo mjane hana pa kulima.

La tatu: sauti yake yasikiwa? Wale wanawake watatu wa baraza la ardhi, je, hupewa nafasi ya kusema, au huwekwa ili hesabu itimie?

Wazee wetu husema, mchumia juani hulia kivulini. Katika njia ya Tabora wanawake wengi walichuma juani, na kivuli wakakalia wengine. Shauri hili lote, kwa majina yake yote ya kale na mapya, lataka mithali hiyo iwe kweli kwa mwanamke kama ilivyo kwa mwanamume. Mwenye shamba na mke, na aende ofisi ya kijiji kabla ya msimu wa kulima, akaulize jina la nani limeandikwa.